Nimeanguka kemia, na baba anaiita kozi ya kupika: je, sayansi ya mlaji bado inanifaa?

*"Nina miaka 19. Nimemaliza sekondari nikiwa na alama nzuri za biolojia na jiografia, hisabati ya kupita tu, na kemia nimeanguka. Tangu utotoni nina udadisi wa vitu vya kununua: kwa nini hiki kinaoza upesi, kwa nini nguo hii inachuja rangi, kwa nini watu wananunua wasichokihitaji. Mwaka jana niliomba kusoma sayansi ya mlaji chuo kikuu nikakataliwa kwa mstari mmoja, bila sababu. Baba anasema ni bahati yangu, maana hiyo ni kozi ya kupika na kushona na mimi ni mwanamume. Rafiki yangu anasema nianze na diploma, mwalimu anasema nirudie kemia. Maelezo binafsi kwenye fomu niliyanakili kutoka kwenye mfano wa mtandaoni. Nifanye nini nipate nafasi? Na nikiipata, nitalazimishwa kushona?"*

Kijana wangu, umefunga maswali manne kwenye kitita kimoja. Nitayafungua yote, ila si kwa mpangilio wako. Naanza na lile ambalo hukuliandika waziwazi: unaogopa kwamba chuo kilikutazama kikakuona hufai. Nimekaa miaka kadhaa kwenye kamati inayopitia maombi ya idara kama hiyo, na kwa haya uliyonieleza, nadhani hakuna binadamu aliyeisoma fomu yako. Ilikwama kwenye chujio la kwanza. Nitakuonyesha chujio hilo linavyofanya kazi, lakini kwanza tumalizane na mzee.

Mzee wako hajakosea kabisa. Kupika kumo, na kushona kumo. Kinachompotosha ni neno lenyewe. Katika mazungumzo ya kila siku mlaji ni mtu anayekula, kwa hiyo anayesikia "sayansi ya mlaji" anaona sufuria. Wachumi na wanasheria walilichukua neno hilo wakalipanua: mlaji ni yeyote anayeifikia bidhaa au huduma mwisho wa safari yake, awe anakula mkate, anavaa shati, anakopa benki, anapanga nyumba au anabonyeza "nakubali" kwenye programu ya simu bila kusoma masharti. Wengine husema mtumiaji, na shuleni wengi tuliijua fani hii kwa jina la sayansi kimu. Ni mto uleule, umepanuka tu.

Ukitaka hoja ya kumpelekea, mpe ya asili ya fani. Mtu anayetajwa kwanza kila historia yake inaposimuliwa, Ellen Swallow Richards, alikuwa mkemia. Mwaka 1873 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata shahada katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Marekani, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kupima maji: sampuli kwa maelfu, akitafuta uchafu wa majitaka katika maji ya jimbo zima. Kutoka kwenye maji akaingia kwenye chakula kilichoghushiwa na hewa ya majumbani. Mwaka 1899 yeye na wenzake walikutana Lake Placid, New York, katika mkutano wa kwanza wa mfululizo ulioendelea hadi 1908, na humo ndimo mambo ya nyumbani yalipopewa umbo la somo la chuo kikuu. Swali lao lilikuwa hili: sayansi iliyokwishabadilisha viwanda na hospitali, mbona haijaingia jikoni na kwenye bajeti ya familia?

Na kwa habari ya uanaume, mwonyeshe mzee nyuma ya pakiti yoyote ya chakula. Hesabu ya nishati inayoandikwa pale, kilokalori 4 kwa gramu ya protini, 4 kwa wanga na 9 kwa mafuta, ina mizizi yake katika kazi ya Wilbur Atwater, mwanamume, mkemia wa mwishoni mwa karne ya 19, aliyewaweka watu wa kujitolea ndani ya chumba maalumu kwa siku kadhaa akipima walichokula, walichotoa na joto la miili yao. Darasani kwetu wanaume huwa wachache, sikufichi. Lakini wachache hao hawaajiriwi kwa shida kuliko wengine.

Sehemu ya pili ya fani, ile ya haki na soko, ina tarehe yake. Tarehe 15 Machi 1962 Rais John F. Kennedy wa Marekani alilipelekea bunge la nchi yake ujumbe uliotaja haki nne za mlaji: kuwa salama, kupewa taarifa, kuchagua na kusikilizwa. Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ukapitisha miongozo ya kumlinda mlaji. Ndiyo maana leo katika idara moja unaweza kukuta mhadhiri anayekuza bakteria kwenye sahani za kioo, na mlango wa pili mhadhiri anayechambua mikataba ya mikopo. Wageni hushangaa wanakaaje pamoja. Wanakaa pamoja kwa sababu wote wawili wanamfuata mtu yuleyule anayetoka dukani na mfuko wake.

Sasa nikueleze unachokwenda kukisoma, kwa sababu hapo ndipo suala la kemia linapoeleweka. Umesema unataka kujua kwa nini hiki kinaoza upesi. Jibu la mtaani ni kwamba kina maji. Jibu la darasani linakwenda mbele kidogo: jamu ina maji mengi tu na bado haiozi haraka, kwa sababu sukari imeyashika maji hayo na bakteria hawezi kuyanywa. Tunapima kiasi cha maji yaliyo huru kwa kipimo kinachoanzia 0 hadi 1. Maji safi ni 1. Kikishuka chini ya 0.85, karibu bakteria wote wanaosababisha magonjwa ya chakula hushindwa kuongezeka. Chini ya 0.6 hata ukungu hukata tamaa. Chumvi, sukari, kukausha kwa jua na kukausha kwa moshi ni njia tofauti za kuisogeza namba hiyohiyo. Bibi zako walikuwa wakilitumia jambo hili bila kulipa jina. Chuoni utalipa jina, utalipima, na utaweza kumwambia mwenye kiwanda kwamba akipunguza sukari ili aandike "nafuu kwa afya" kwenye lebo, itabidi abadilishe na kitu kingine, la sivyo bidhaa yake itachacha dukani.

Nguo nazo ni hivyohivyo. Uzi wa pamba una sehemu nyingi zinazoshikana na maji, ndiyo maana unanyonya jasho. Poliesta haina, ndiyo maana jasho linabaki mgongoni. Sufu ina magamba madogo juu ya kila unywele, na ukiifua kwa maji ya moto huku ukiisugua magamba hunasana, nguo ikarudi ikawa ya mtoto. Pamba ikirudi ni kwa sababu nyingine kabisa: kiwandani nyuzi zilivutwa zikakazwa, na maji yanapoingia zinalegea na kurudi urefu wake. Rangi inayochuja ni kwamba haikufungamana na uzi, imeng'ang'ania juujuu tu. Ukiyajua haya huhitaji kukariri alama za kufulia zilizoko kwenye lebo, unazielewa.

Upande wa fedha nitakupa mfano mmoja, kwa sababu umesema hisabati yako ni ya kupita. Mtu anakopa 1,200, fedha yoyote ile. Anaambiwa riba ni asilimia 10 kwa mwaka, kwa hiyo atarudisha 1,320, kila mwezi 110 kwa miezi 12. Anaondoka akiamini amekopa kwa asilimia 10. Lakini hakukaa na ile 1,200 mwaka mzima: kila mwezi alikuwa akirudisha kipande, na kwa wastani alikaa na kama nusu yake. Ukikokotoa riba juu ya deni lililobaki kila mwezi, anailipa kwa kiwango cha karibu asilimia 18 kwa mwaka. Hisabati tunayoitumia sana ni ya namna hii: asilimia, uwiano, wastani, majedwali, na takwimu ya kutosha kujua kama tofauti kati ya makundi mawili ni ya kweli au ya bahati. Kama uliufuata mfano huu bila kurudia mara tano, utavuka.

Tuje kwenye mlango.

Karibu kila chuo kina vizuizi vitatu, na waombaji wengi huvichanganya vikawa kimoja. Cha kwanza ni sifa za chini za kuingia chuo kikuu, zile za jumla kwa kozi zote. Cha pili ni masomo ya lazima ya kozi yenyewe, na mara nyingi yana alama yake ya chini. Cha tatu ni ushindani: nafasi ni ngapi na walioomba ni wangapi. Kizuizi cha pili ndicho kilichokukamata wewe, kwa ninavyoona. Kozi nyingi za sayansi ya mlaji zilizoegemea chakula, lishe au vitambaa huitaja kemia. Kompyuta au karani hupitisha orodha, anayekosa somo la lazima hutolewa hapohapo, na barua yenye mstari mmoja hutumwa. Biolojia yako nzuri haikupata hata nafasi ya kujitetea.

Kizuizi cha tatu huwaumiza wale waliopita cha pili. Wanasoma kwamba "sifa za chini ni alama fulani", wanazo, wanalala usingizi. Tuseme nafasi ni 60 na wenye sifa hizo ni 200: chuo kitawapanga kuanzia juu na kukata pale ya 60 inapoishia. Alama ya aliyeingia mwisho ndiyo watu huiita alama ya kuingilia, na hubadilika kila mwaka kwa sababu waombaji hubadilika. Sifa za chini zinakuruhusu kupanga foleni tu. Kwa hiyo unapouliza chuoni, uliza maswali mawili: masomo gani ni ya lazima, na aliyeingia mwisho mwaka uliopita alikuwa na alama gani.

Kosa lako kubwa zaidi, nisamehe kwa kulisema wazi, ni kwamba uliomba jina. Hukuomba tawi. Jina "sayansi ya mlaji" hufunika mambo mengi: chakula na lishe, vitambaa na mavazi, makazi na mpangilio wa ndani ya nyumba, fedha za familia, malezi na makuzi ya mtoto, tabia ya wanunuzi na biashara ya rejareja, ualimu wa sayansi kimu. Chuo kimoja hukufundisha yote kidogokidogo mwaka wa kwanza kisha uchague. Kingine hukuingiza kwenye tawi tangu siku ya kwanza. Tena majina yenyewe hayatulii. Chama cha Marekani kilichozaliwa na ile mikutano ya Lake Placid kilijiita cha uchumi wa nyumbani hadi 1994, kikabadili jina kuwa cha sayansi za familia na mlaji. Chuo Kikuu cha Cornell kilikuwa kimekwishatangulia mwaka 1969, kitivo chake cha fani hii kikaitwa cha ikolojia ya binadamu. Mwanafunzi anayetafuta jina moja tu kwenye orodha za vyuo hupita mbele ya kozi anayoitafuta bila kuiona. Tafuta pia sayansi kimu, ikolojia ya binadamu, sayansi ya familia, uchumi wa kaya na mlaji, usimamizi wa bidhaa na mavazi. Halafu fungua orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza na wa pili. Hiyo haidanganyi.

Rudi sasa kwenye yale matatu uliyotaja: kinachooza, nguo inayochuja, watu wanaonunua wasichokihitaji. Mawili ya kwanza yanahitaji kemia. La tatu ni saikolojia na uchumi. Daniel Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alikuwa mwanasaikolojia. Yeye na mwenzake Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba kupoteza kitu hutuuma kuliko kukipata kunavyotufurahisha, na matangazo ya "ofa inaisha leo" hujengwa juu ya maumivu hayo. Ukichagua tawi hilo, vyuo vingi havidai kemia. Vitaangalia hisabati yako na lugha. Kwa hiyo kabla hujaamua kuhusu kurudia mtihani, jibu swali hili ukiwa peke yako: ukipewa mwaka mzima na jambo moja tu la kuchunguza, ungechunguza maziwa, shati, au mnunuzi?

Ukijibu maziwa au shati, namuunga mkono mwalimu wako: rudia kemia. Ni njia fupi kuliko zote na gharama yake kwa kawaida ni ndogo, somo moja, miezi michache. Ila usirudie kwa namna uliyoanguka nayo. Chukua karatasi za mitihani iliyopita, tafuta ni mada zipi zilikuangusha, na uanze na zile ambazo utazikuta tena chuoni: asidi na besi, kemia ya kaboni, mahesabu ya moli. Na hata kama ungepata chuo kinachokupokea bila kemia kwenye tawi la chakula, ningekuomba ujiulize mara mbili. Nimefundisha wanafunzi walioingia kwa mlango huo. Mwaka wa kwanza walicheka, mwaka wa pili tulipofika kwenye biokemia ya chakula walikuwa wakisoma masomo mawili kwa wakati mmoja, lile la darasani na lile walilolikimbia. Baadhi walivuka. Wote walichoka.

Diploma anayoisema rafiki yako ni njia halali, na kwa watu fulani ni bora. Unaingia maabara mapema, unajifunza kwa mikono, na ukimaliza una cheti cha kuombea kazi hata kabla ya shahada. Upungufu wake ni muda, na upungufu mwingine watu hawausemi: si kila diploma hufungua mlango wa kila chuo kikuu, na si kila chuo kitakuhesabia masomo uliyokwishasoma. Nimekutana na vijana waliosoma miaka miwili wakidhani wataingia shahada mwaka wa pili, wakaambiwa waanze upya. Kabla hujalipa chochote, nenda kwenye chuo kikuu unachokilenga, uwaulize kama wanaipokea diploma hiyo hasa, kutoka chuo hicho hasa, na kwa alama ipi. Pata jibu kwa maandishi. Neno la mdomo la karani aliyepo leo halitakusaidia miaka miwili ijayo atakapokuwa amehamishwa.

Vyuo vingine vina mwaka wa msingi, ambao ni wa kuziba mapengo ya sekondari kabla ya shahada. Kwa mtu mwenye pengo moja kama lako, naona ni kuua sisimizi kwa nyundo, isipokuwa kama mfumo wa mitihani ulikosomea hauruhusu kurudia somo mojamoja. Na kuna ujanja wa kuingia kozi nyingine yoyote ukitarajia kuhamia baadaye. Siupendi. Uhamisho hutegemea nafasi kubaki, na mara nyingi sifa za lazima zinakusubiri kulekule; utabeba pengo lako kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Jambo moja la kuangalia mapema, kwa sababu huwavunja watu moyo wakishahitimu. Kama ndoto yako ni kutibu wagonjwa kwa lishe hospitalini, au kufundisha shule, kazi hizo katika nchi nyingi zina leseni au usajili wake. Shahada ya sayansi ya mlaji yenye masomo ya lishe haikufanyi moja kwa moja kuwa mtaalamu wa lishe ya hospitali, na huenda usiweze kufundisha bila mafunzo ya ualimu juu yake. Uliza bodi inayosajili kazi hiyo ni shahada zipi inazitambua. Usiulize chuo pekee, maana chuo ndicho muuzaji, na wewe, kwa tafsiri tuliyoanza nayo, ndiye mlaji.

Kazi zenyewe zipo, ila hazina bango. Muuguzi anajua atafute tangazo la muuguzi. Wewe utatafuta udhibiti wa ubora, ubunifu wa bidhaa, utafiti wa soko, kitengo cha malalamiko ya wateja, ukaguzi wa viwango, ugani, ushauri wa fedha za familia, taasisi za kutetea walaji. Kazi ya kwanza huchukua muda zaidi kupatikana, na wanaoipata mapema ni wale waliochagua tawi wakalichimba na waliofanya mafunzo ya vitendo mahali pa maana. Ukiitembelea idara, waulize wanafunzi wao huenda wapi kwa mafunzo hayo. Idara nzuri itakutajia sehemu. Idara legelege itakuambia "kila mwanafunzi anajitafutia".

Maelezo binafsi, sasa. Kuyanakili kulikuwa kosa, na hapa sizungumzii adabu peke yake. Tukisoma fomu mia mbili, ile mifano ya mtandaoni tunaifahamu kama watoto wetu: "tangu nikiwa mdogo nimekuwa na shauku kubwa." Vyuo vingi pia hupitisha maandishi hayo kwenye programu za kugundua kunakili, na ukikamatwa unaweza kuondolewa hata kama alama zako zinatosha. Lililonihuzunisha zaidi ni kwamba barua uliyoniandikia mimi ni nzuri kuliko mfano wowote. Swali la nguo inayochuja, hilo ndilo maelezo binafsi.

Ila lipe mwili. Chukua vipande vya kitambaa kimoja cha rangi, kifue kimoja kwa maji baridi, kimoja kwa ya moto, kimoja kwa maji yenye chumvi, kila kimoja pamoja na kitambaa cheupe, kwa muda uleule na sabuni ileile. Andika kilichotokea, hata kama hakikutokea ulichotarajia. Watu wengi huamini chumvi huzuia rangi isitoke. Jionee mwenyewe kwenye nguo iliyokwishatiwa rangi kiwandani. Au, kama uliamua ni mnunuzi, omba ruhusa nyumbani uandike matumizi yote ya wiki nne, kisha pima ni sehemu gani ya fedha huenda kwenye chakula. Mwaka 1857 mtakwimu Ernst Engel alionyesha kwamba kadiri kipato cha kaya kinavyopanda, sehemu inayokwenda kwenye chakula hupungua, hata kama kiasi chenyewe kinaongezeka. Linganisha na daftari lako. Aya mbili kuhusu jaribio dogo la kweli, pamoja na ulipokosea, hunifanya niweke fomu upande wa "tumwite". Na mzee akikuona unahesabu matumizi ya nyumba yake kwa utaratibu, huenda akaanza kuielewa kozi bila hotuba.

Ukitaja kwamba uliwahi kuomba ukakataliwa, taja kwa sentensi moja na useme umefanya nini tangu hapo. Usijieleze kwa kirefu. Mwalimu atakayekuandikia barua ya mapendekezo awe yule aliyekuona ukifanya kazi, hata kama si mwenye cheo kikubwa. Wa biolojia angefaa.

Kuna mambo ambayo mimi siwezi kuyamaliza kutoka hapa. Beba nakala ya matokeo yako, barua ya kukataliwa na orodha ya kozi tatu ulizozichagua, uende ofisi ya udahili, ukaulize ni kizuizi kipi kilichokutoa. Wengi huogopa kuuliza. Kwa kawaida jibu lipo kwenye faili na huchukua dakika chache. Ukikuta kosa, kwa mfano somo halikuingizwa kwenye mfumo, uliza muda wa kukata rufaa, kwa sababu dirisha hilo hufungwa haraka. Omba pia kuonana na mhadhiri mmoja wa idara. Kama una mzio wa vyakula au huoni vizuri tofauti za rangi, mwambie mapema: maabara za kuonja chakula na za kulinganisha rangi za nguo zinaweza kupangwa upya kwa ajili yako, lakini si asubuhi ya mtihani. Na akitokea mtu wa kukuahidi nafasi kwa malipo ya pembeni, au chuo cha mtandaoni kinachotoa shahada kwa wiki kadhaa, hakikisha kwanza na mamlaka inayosajili vyuo vikuu. Mshauri wa taaluma shuleni kwenu anaweza kukaa nawe na baba yako pamoja, jambo ambalo barua yangu haiwezi. Kama mvutano huo nyumbani umefika mahali pa kukukosesha usingizi, usiusubiri uishe wenyewe. Mwambie mshauri huyo, au mtu mzima ambaye baba humsikiliza.

Swali lako la mwisho: ndiyo, ukichagua tawi la mavazi, au chuo kinachofundisha matawi yote mwaka wa kwanza, utashona. Mimi nilishona mshono uliopinda kama mto. Hakuna aliyenilaumu. Mwalimu alinikabidhi kipande hicho nikifunge kwenye mashine ya kuvuta, tukatazama sindano ya kipimo ikipanda mpaka kikakatika, na swali la mtihani likawa kwa nini kilikatika pembeni mwa uzi na si kwenye uzi wenyewe.